Msiba Usio na Matanga

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya kikundi chetu cha kusoma hapa Jinja. Mvua iliwazuia wengi, hasa mnaotoka Bugembe na Njeru, nanyi mmeniomba maneno yenyewe. Haya hapa, kama yalivyosemwa.

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, kaka na dada, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, nawasalimu nyote kwa heshima. Shikamooni wazee.

Mwenyekiti amewaambia kwamba nitazungumzia tawasifu, yaani vitabu ambavyo mtu anaandika maisha yake mwenyewe. Ni kweli, ila naomba niupunguze uwanja. Tawasifu za marais na majenerali tunazo nyingi, na mwandishi wa namna hiyo huwa ameshashinda kabla hajashika kalamu. Nataka tuvitazame vile vitabu vingine, ambavyo mtu ameketi akaandika habari za kifo kilichoingia nyumbani mwake, au za jeraha lisiloonekana kwa macho, au za nyumba aliyozaliwa ambayo ilimbidi aikimbie ili abaki mzima.

Niwaulize jambo. Ni nani hapa hajapata kukaa matanga? Hakuna. Matanga tunayajua. Twajua turubai linavyofungwa kabla jua halijapanda, sufuria zinavyoazimwa nyumba kwa nyumba, moto unavyokokwa uani na wanaume wakauzunguka hadi alfajiri. Waislamu wana arubaini. Baganda wana okwabya olumbe, siku msiba unapovunjwa rasmi na mrithi akavishwa lubugo, nguo ya gome la mti, mbele ya ukoo mzima. Kila watu katika nchi hii wana namna yao, na namna zote zinasema jambo moja: msiba una mlango wa kuingilia, na una mlango wa kutokea.

Sasa niulize la pili. Mtu aliyempoteza baba ilhali baba yungali hai, anatembea, anakula, anasalimiwa njiani, mtu huyo anakaa matanga wapi? Kijana aliyeondoka kwao usiku na nguo mbili ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, nani anamfungia turubai? Mama ambaye mimba yake iliharibika mwezi wa tano, naye akaambiwa na majirani kwamba huyo hahesabiki, nani anampelekea sukari na sabuni? Hakuna. Hakuna turubai, hakuna moto, hakuna daftari la rambirambi.

Hilo ndilo nililokuja kusema leo. Kuna misiba isiyo na matanga, na kwa mwenye msiba wa namna hiyo, kitabu cha mwenziwe aliyepita njia ileile chaweza kuwa mkeka wa kwanza aliopata kutandikiwa.

Sitaki kulisema hili kwa mbali, kwa hiyo nitaanzia nyumbani.

Nilizaliwa kambini, mtoto wa askari. Kambi sitaitaja, na baba yangu nitamwita baba tu. Wa umri wangu mnajua Kiswahili kilivyo katika nchi hii. Kwa watu wengi, tangu miaka ya Amin na hata baada yake, ndiyo lugha iliyogonga milango usiku: fungua, toka nje, lala chini. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, nami nimekifundisha maisha yangu yote, lakini hadi leo napokea mzazi anayeniambia kwamba akikisikia tu mwili unamsisimka. Namwelewa. Mimi nilibembelezwa kwa lugha hiyo nikalala, na kwa lugha hiyohiyo nikatukanwa na kupigwa.

Baba alirudi kutoka vitani akiwa na viungo vyake vyote, na watu wakaja kumshukuru Mungu pamoja nasi. Hakuna aliyetuuliza habari za usiku. Usiku baba hakulala. Alikaa kwenye kiti akiutazama mlango, na siku ambazo hakukaa kwenye kiti alikuwa amekwenda kunywa, na alipotoka kunywa tulilazimika kujua mapema kwamba anakuja. Mama alikuwa na mbinu yake. Kila jioni aliegemeza kifuniko cha sufuria kubwa nyuma ya mlango wa mbele, kikiwa kimesimama kwa ukingo, ili mlango ukisukumwa kianguke sakafuni. Kifuniko kikianguka, sisi watoto watatu tulikuwa na muda wa kupita dirisha la jikoni, mdogo kwanza, mimi mwisho. Nyumba zetu zilikuwa za mstari, ukuta mmoja familia mbili. Jirani alisikia kifuniko, akasikia mkanda, na asubuhi akatusalimia vizuri kabisa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilinyamaza.

Nilipofikisha miaka 17 mama alifungua pindo la leso yake, akanipa nauli, akaniambia nije hapa Jinja kwa mama mdogo na nisirudi hata nikiitwa. Yeye alibaki. Miaka 15 baadaye baba alifariki. Nilikwenda. Turubai lilifungwa, risasi zilipigwa hewani kwa heshima ya askari, wenzake wakasimama mmoja mmoja wakasema alivyokuwa shujaa, na walikuwa wakisema kweli. Mimi nilikaa kwenye mkeka macho makavu. Shangazi yangu mmoja alinifinya mkono chini ya leso akaninong'oneza, “Lia, watu wanakutazama.” Ningelia nini, ndugu zangu? Nilikwisha kulia zamani, ndani ya basi, na kaveera mapajani, na mtu wa kiti cha pili akaniuliza kama nina malaria.

Nawaeleza haya ili mjue nilikuwa katika hali gani siku nilipokifungua kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu utoto wake, Dreams in a Time of War, kilichotoka mwaka 2010. Nilikuwa nawatafutia wanafunzi vifungu vya historia ya Kenya chini ya Waingereza. Boma la baba yake, karibu na Limuru, lilikuwa na wake wanne na watoto wengi, na kurasa za mwanzo zina furaha ya jioni za hadithi kwa mama mkubwa. Kisha baba yake anafilisika, mifugo inakufa, pombe inaingia, na mama yake, Wanjikũ, anapigwa hadi anarudi kwa baba yake mzazi. Watoto wanabaki. Halafu siku moja, Ngũgĩ akiwa anacheza na ndugu zake, baba anamwita yeye na mdogo wake na kuwaambia waache kucheza na watoto wake, wamfuate mama yao.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikatoka nje ya maktaba, nikafungua bomba nikanawa uso. Nilikuwa na miaka zaidi ya 40. Nilikuwa sijapata kuona popote, kwa maandishi, mtu mzima mwenye heshima zake akisema kwamba baba yangu alinifukuza. Nilidhani jambo hilo ni la kwetu kambini.

Niliporudi kusoma niliona jambo ambalo hadi leo nalifundisha. Ngũgĩ hamtukani baba yake. Anaturudisha nyuma kutueleza shamba ambalo baba alilinunua kwa mapatano ya mdomo, mbele ya mashahidi, kama desturi ilivyokuwa, na jinsi lilivyomponyoka kwa sababu mwingine alikuja na karatasi zinazotambuliwa na sheria ya wakoloni. Anatuonyesha mwanamume aliyenyang'anywa kitu kilichomfanya awe mtu. Lakini, na hapa naomba mnisikilize vizuri, hatumii shamba hilo kufuta kipigo. Mama yake alipigwa, na imeandikwa kwamba alipigwa. Shamba limepewa ukurasa wake na fimbo imepewa ukurasa wake. Sisi kwetu tumezoea kimoja kufunika kingine: ukieleza vita ambavyo baba aliviona, unatakiwa uunyamazie mkanda, ukiutaja mkanda, unaambiwa huna shukrani kwa mtu aliyepigania nchi. Kitabu kile ndicho kilichonifundisha kwamba naweza kuyashika yote mawili mkononi na nisiangushe hata moja.

Nilitaja jeraha lisiloonekana. Kuna neno tunalolitumia siku hizi, kiwewe, na nalipenda kwa sababu lina mshtuko ndani yake. Watu hudhani kiwewe ni kukumbuka sana. Sivyo nilivyokijua mimi. Mwaka mmoja tulikuwa harusini hapa hapa mjini, nimevaa gomesi mpya, wapishi wako nyuma ya ukumbi, na mmoja wao akaangusha kifuniko cha sufuria kwenye saruji. Sikukumbuka chochote. Sikuwaza baba wala kambi. Nilijikuta tu nimesimama nje karibu na ua wa michongoma, peku, viatu vimebaki ndani, huku natazama kushoto na kulia kumtafuta mdogo wangu nimshike mkono. Mwili ulikuwa umepita dirisha la jikoni peke yake. Wahenga wetu walilijua hili kabla ya madaktari: mwenye kovu usidhani kapoa.

Ndiyo maana vitabu hivi mara nyingi havisimulii mambo kwa mpangilio wa kalenda. Msomaji mgeni hulalamika kwamba mwandishi anarukaruka, anarudia tukio moja mara tatu, anasahau mwaka lakini anakumbuka rangi ya beseni. Msimharakishe. Ndivyo kumbukumbu ya aliyeumizwa ilivyo, na mwandishi mwaminifu anatuonyesha kumbukumbu yake ilivyo badala ya kuinyoosha kwa pasi. Mmarekani Tara Westover, aliyekulia mlimani Idaho kwa wazazi wasioamini shule wala hospitali, na ambaye aliingia darasani kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 17 hadi akapata shahada ya uzamivu Cambridge mwaka 2014, alipofika kwenye ajali ambayo kaka yake aliungua vibaya, aliweka tanbihi kueleza kwamba wengine katika familia wanaikumbuka siku hiyo tofauti. Kitabu chake, Educated, kilitoka mwaka 2018. Kuna watu husoma tanbihi ile wakasema, ‘Mmeona? Hana uhakika.’ Mimi naisoma nikamwamini zaidi. Mtu anayetunga uongo hapendi kumwalika shahidi wa upande wa pili.

Na kuna gharama ambayo kitabu chake hakiifichi. Alipata elimu, akapoteza wazazi. Alisimama mahali ambapo alitakiwa kuchagua kati ya anachokijua kwa macho yake na nafasi yake mezani kwao. Nawaambia vijana mlioko mlangoni, kwa sababu najua baadhi yenu mnaishi kwa rafiki, kwa mama mdogo, au kwenye chumba cha kupanga cha watu wanne: mtu asikudanganye kwamba kuondoka ni ushindi mtupu. Kuondoka ni msiba. Unazika kiti chako, unazika sauti ya mama akikuita, unazika Krismasi au Idi ya kwenu. Na mtu mwingine asikudanganye kwamba kwa kuwa unalia basi ulikosea kuondoka. Waliobaki hulia, walioondoka hulia.

Niingie sasa kwenye vifo vyenyewe, maana huko tunajiona wajuzi, na hatuko wajuzi kama tunavyodhani.

Profesa James Adichie alifariki Nigeria tarehe 10 Juni 2020. Binti yake, mwandishi Chimamanda Ngozi Adichie, alikuwa Marekani, na viwanja vya ndege vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chembamba sana, Notes on Grief, ambacho mtu anaweza kukimaliza mchana mmoja, ingawa mimi kilinichukua juma zima. Hapo hatuhitaji kuelezwa. Mwaka 2020 uwanja wa ndege wa Entebbe ulifungwa kuanzia Machi hadi mwanzo wa Oktoba, mazishi yakawekewa idadi ndogo ya watu, na wengi wetu tulimzika mama kwa kutazama simu. Adichie anaandika kwamba maneno ya faraja yalimuumiza, na kwamba msiba ulimshika mwilini hata misuli ikauma. Soma hapo, kisha ujiulize ni mara ngapi umemwambia mfiwa kwamba ni mapenzi ya Mungu, kabla hata hajapata kukaa chini. Mimi nimesema mara nyingi. Nimesema kwa sababu nilikuwa siwezi kuvumilia kimya chake.

Kuna mzee wetu mmoja, na ameniruhusu nisimulie ila nisimtaje, ambaye alifiwa na mkewe baada ya kuishi pamoja karibu miaka 50. Alikuwa akija maktaba kila asubuhi kusoma gazeti, na siku moja akaniuliza kuna kitabu gani cha mtu aliyefiwa ambacho hakina mahubiri. Nilikuwa na The Year of Magical Thinking cha Joan Didion, wa Marekani, ambaye mumewe alianguka mezani wakati wa chakula cha jioni, tarehe 30 Desemba 2003, akafa. Kiingereza cha mzee si kizuri, kwa hiyo tulikaa pale kwenye benchi, mimi nikisoma kimoyomoyo na kumweleza kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Tulifika mahali ambapo Didion anagawa nguo za mumewe. Mashati yanatoka. Akifika kwenye viatu, anashindwa. Anajua mumewe amekufa, alikuwapo, ameona. Lakini hawezi kuvitoa viatu kwa sababu akirudi atavihitaji.

Mzee aliniinulia mkono nisimame. Tukakaa. Baada ya muda akasema, “Mwanangu, huyo mwanamke ni mtu wa wapi?” Nikamwambia New York. Akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba ndara za mkewe ziko mlangoni hadi leo, na kwamba kila jioni anazigeuza zitazame nje, kwa sababu mkewe alikuwa akipenda kuzivaa akitoka, na watoto wake wameanza kunong'ona kwamba baba amechanganyikiwa. Hakulia. Alikunja gazeti, akavaa kofia, akaenda. Wiki iliyofuata alirudi na kijana wake wa kwanza, akaniomba nimsomee ukurasa uleule.

Ndugu zangu, watu hunipinga kwa heshima wakisema kwamba vitabu hivi ni vya wenzetu wa mbali, na kwamba Mwafrika haaniki mambo ya ndani. Funika kombe mwanaharamu apite. Nimesikia. Lakini Shaaban Robert, baba wa lugha hii tunayozungumza, alipoandika maisha yake kwa mkono wake aliandika kifo cha mkewe Amina, akaandika na shairi la kumlilia, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwona amejivunjia heshima. Tumelisoma shairi hilo shuleni, tukalichambua vina na mizani, na sijui kama kuna mwalimu, mimi nikiwa wa kwanza kujilaumu, aliyewaambia wanafunzi: simameni kidogo, huyu ni mwanamume aliyefiwa.

Na hapa Uganda? Sisi ndio tungepaswa kuwafundisha wengine. Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo hospitali ya Mulago. Mumewe, Christopher, alikuwa masomoni Uingereza alipogundulika ana UKIMWI, na alifariki Januari 1987. Mwaka huohuo mama huyu na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, katika wakati ambao jirani aliyesikia neno UKIMWI alikuwa akihamisha vikombe vyake. Mwaka 1991 alitoa kitabu kuhusu mumewe na familia yao, We Miss You All. Fikirini ujasiri huo. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema. Yeye alikitangulia kifo akafunua mwenyewe, kwa jina lake na la mumewe.

Kisha kuna vitabu ambavyo havikupata kuingia dukani. Katika miaka ya 1990, wanawake wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao, wakati dawa zilikuwa hazipatikani na mama alijua kwamba hatamwona mwanawe akiota ndevu. Waliandika kwenye madaftari ya kawaida. Waliandika ukoo, jina la babu, kijiji na njia ya kufika, siku mtoto alipozaliwa, chakula alichokuwa akikikataa. Wengine waliandika wazi ugonjwa wao, na kuandika huko kuliwasaidia kuwaambia watoto jambo ambalo midomo ilishindwa.

Nilipata kulishika daftari moja la namna hiyo. Aliniletea msichana niliyemfundisha kidato cha pili, ambaye alikuwa akiishi kwa mjomba katika nyumba ambayo, kwa ufupi, haikukalika. Jalada lilikuwa limefunikwa kwa karatasi ya kaki na kushonwa kwa uzi mweusi. Mwandiko ulianza mzuri, umelala upande wa kulia, na ulivyokwenda ndivyo ulivyozidi kuwa mkubwa na kutetereka, hadi kurasa za mwisho herufi tatu zilijaza mstari. Ukurasa mmoja ulikuwa na orodha ya watu, na mbele ya kila jina mama ameandika huyu ni nani kwako. Mbele ya jina la yule mjomba aliandika: huyu nimemwomba akutunze, kama hakukutunza, nenda kwa mwalimu. Msichana alinionyesha mstari huo kwa kidole, akasimama akinitazama. Alikuwa amekuja kwa mwalimu.

Je, hicho si kitabu? Nani atatuambia kwamba si kitabu?

Lazima pia niseme jambo linalonikera, hasa kuhusu kaskazini. Wanawake waliorudi kutoka kwa waasi wa LRA wamehojiwa na waandishi na wageni wa kila namna, wakasimulia kitu kilekile mara kumi, na aliyesikiliza akapanda gari akaenda zake. Nawaomba tusisome kwa namna hiyo. Evelyn Amony alitekwa akiwa mtoto mwaka 1994, akalazimishwa kuwa mke wa Joseph Kony, kiongozi wa waasi hao, akarudi baada ya miaka kama 11. Kitabu chake cha mwaka 2015, I Am Evelyn Amony, kina nusu ambayo wasomaji wenye haraka huiruka, nayo ni maisha baada ya kurudi: kodi ya nyumba, karo, majirani wanaowanyanyapaa watoto wake. Nusu hiyo ndiyo aliyotaka tuisome. Anayetafuta habari za msituni tu anamtendea yeye alivyotendewa na wengine, anachukua kilicho chake na kumwacha hapo alipo.

Kuhusu namna ya kusoma sitawachosha. Kitabu cha namna hii usikisome usiku peke yako kama unajua usiku wako haukalii vizuri. Ukifika mahali mwili umekaza, funga, toka, nawa uso, utarudi au hutarudi, hakuna mtihani. Na kitabu si tabibu: mtu ambaye hali wala halali, au anayesema maneno ya kutaka kufa, msimpe kitabu, mshikeni mkono mwende naye kliniki, na kama ni lazima mwende naye Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili. Niliwahi kumpa kijana kitabu siku aliyohitaji daktari. Yuko hai, namshukuru Mungu, lakini si kwa sababu yangu.

Vitabu nilivyovitaja viko mezani pale nyuma, nakala moja moja, na daftari la kuazima liko kwa katibu. Vingi ni vya Kiingereza, kwa hiyo tutaendelea kufanya kama tulivyofanya na mzee: anayejua atasoma, atatueleza kwa Kiswahili, taratibu, na atakayetaka kusimamisha atainua mkono.

Nami nimelileta daftari langu. Ni la kurasa 96, nimelianza mwaka jana, na nimefika ukurasa wa 11. Niliahidi nitawasomea ukurasa mmoja. Nimechagua wa kwanza.

“Baba alinifundisha kusoma kabla sijaenda shule. Sukari ilikuja imefungwa kwenye kipande cha gazeti, naye akakifungua, akamimina sukari kwenye kopo, akakilaza kile kipande juu ya goti lake na kukinyoosha kwa kiganja. Chembe zilibaki kwenye mikunjo, nami nikazilamba kwenye kidole changu. Akachukua njiti ya kiberiti akaanza kunionyesha herufi moja moja. Mkono wake ulinuka mafuta ya bunduki na sabuni ya mche. Neno la kwanza nililolisoma mwenyewe lilikuwa ‘bei’. Nilipolitamka baba alicheka kwa sauti, akamwita mama atoke jikoni aje kusikia, akaniambia nirudie.”